Miguu 48: shajara ya kulehemu chipu ya nusu milimita kwenye bodi ya kujitengenezea

Siku ya 1

Leo chipu imetoka kwenye kifuko chake na nimeiweka mezani chini ya taa. Ni STM32F103C8T6, kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Mwili wake ni mraba wa milimita 7 kwa 7, kila upande una miguu 12, jumla 48. Kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya jirani yake ni nusu milimita. Nimeilaza kando ya rula nikahesabu: kila milimita moja inabeba miguu miwili pamoja na nafasi zake. Kwa macho matupu upande mzima unaonekana kama kitana.

Mradi wenyewe ni kinasa joto. Bodi itapima joto kila dakika, iandike kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha ilale mpaka dakika nyingine. Programu yake naiweza. Kilichonifanya nifungue shajara hii ni kuilehemu chipu hiyo kwa mkono, tena kwenye bodi niliyoitengeneza mwenyewe kuanzia shaba tupu. Nimeshazoea chipu za kupenyeza miguu kwenye matundu, zenye nafasi ya milimita 2.54, na niliwahi kubandika ATmega328P ya miguu 32 yenye nafasi ya 0.8 bila matata. Nusu milimita sijawahi.

Wasiwasi wangu mkubwa ni ile rangi ya kijani ambayo bodi yangu haitakuwa nayo. Watu wengi huidhani pambo. Kazi yake ni kuikataa lehemu: kwenye bodi ya kiwandani pedi pekee, yaani vipande vya shaba ambapo miguu hukaa, ndizo zimeachwa wazi, na katikati ya pedi na pedi, panapowezekana, kuna ukuta mwembamba wa rangi hiyo. Bodi yangu itakuwa shaba wazi kila mahali. Lehemu ikiyeyuka itakwenda popote palipo na shaba safi, na kutoka pedi hadi pedi hakuna kitakachoizuia ila hewa na ile plastiki ya bodi.

Nimechora. Mguu wa chipu hii una upana wa kama milimita 0.22, kwa hiyo pedi nimezipa 0.30, na pengo linabaki 0.20. Urefu wa pedi nimeuongeza kwa makusudi: zinatokeza nje ya ncha ya mguu karibu milimita nzima, ili chuma cha kulehemia kipate pa kukanyaga bila kuugusa mwili wa chipu. Mwishoni mwa kila upande nimeweka pedi moja pana isiyounganishwa na kitu. Nitaiita pedi mwizi. Lehemu inayozidi inapofika mwisho wa safu inapaswa kukimbilia huko badala ya kuganda kati ya miguu miwili ya mwisho.

Siku ya 3

Bodi tatu zimeharibika, nami nimefurahi, kwa sababu sasa najua kwa nini.

Natumia njia ya tona, ule wino wa unga wa printa. Mchoro unachapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, halafu unabandikwa juu ya shaba kwa pasi ya nguo. Tona inayeyuka na kushika shaba, karatasi inalowekwa na kutolewa, na kinachobaki kinaikinga shaba isiliwe na dawa. Kabla ya yote niliweka chipu juu ya karatasi yenyewe na kutazama kwa lenzi kama kila mguu umekaa juu ya mstari wake. Hatua hiyo ni ya dakika moja, lakini printa ikipunguza mchoro hata kwa asilimia 2, ukiulinganisha mguu wa kwanza na pedi yake, wa 12 utakuwa umepishana na yake kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita.

Bodi ya kwanza niliikandamiza pasi kwa nguvu nikidhani nguvu ndiyo inayoshikisha. Tona ilitambaa. Upande wa tatu wote, miguu ya 25 hadi 36, mapengo yalizibika na pedi zikawa bamba moja. Ya pili nikaogopa kukandamiza, tona ikabanduka na karatasi. Ya tatu ilishika vizuri, mapengo yako wazi, nikaitumbukiza kwenye kloridi ya feri, ndiyo dawa ya kula shaba, na kuisahau kwa muda kidogo tu. Pedi zilizotoka zina upana wa kama 0.2. Dawa haili kwenda chini peke yake, inakula na ubavuni pia. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikroni 35, na kila ukingo wa pedi hupoteza karibu kiasi hichohicho wakati dawa inaitoboa shaba ya jirani. Ukiichelewesha, inaendelea kula ubavuni kwa raha zake.

Kwa hiyo kuna maadui wawili wanaovuta pande tofauti: tona inaziba mapengo, dawa inazikondesha pedi. Kumkimbia mmoja ni kumwendea mwenzake. Nilichofanya leo jioni ni kubadili bamba, nikachukua la shaba ya mikroni 18, ambayo dawa huimaliza kwa karibu nusu ya muda. Nimeisafisha kwa msasa laini sana, nikaifuta kwa asetoni, nikapiga pasi kwa uzito wa wastani tu, kisha kabla ya dawa nikakaa na lenzi na sindano ya kushonea nikifungua kila pengo lililozibwa. Mapengo sita. Dawa niliipasha joto kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya moto, nikawa nachezesha bodi muda wote.

Imetoka. Pedi zina upana wa 0.26 hadi 0.28 kwa makadirio yangu ya lenzi na rula, na hakuna hata mbili zilizogusana. Nimepima kila pedi na jirani yake kwa mita ya umeme, inayolia vitu viwili vikigusana, mara 44 kukiwa kimya.

(Dawa iliyotumika nimeirudisha chupani. Haimwagwi sinkini: shaba iliyoyeyuka ndani yake ni sumu kwa viumbe wa majini, na yenyewe inakula mabomba ya chuma.)

Siku ya 4

Kupaka bati. Shaba tupu ikikaa hewani inafifia, na lehemu haishiki vizuri juu ya shaba iliyofifia. Nimepaka fluksi, dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike, nikapitisha ncha yenye lehemu kidogo juu ya pedi zote. Zimeng'aa, zimependeza, na nimeweka chipu juu yake ikawa inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Kila pedi ilikuwa na kilima chake, na vilima havikulingana.

Nimeweka utambi wa shaba juu ya safu, nikaukanyaga kwa chuma, ukanywa kila kilichozidi. Sasa pedi zina weupe tu, hazina unene wowote wa kushikika. Chipu imekaa bapa. Naandika hapa ili nisirudie: kwa chipu ya nafasi ndogo, pedi inatakiwa ibadilike rangi na si zaidi.

Siku ya 5

Mazoezi, kwa chipu iliyokufa niliyoitoa kwenye bodi mbovu, juu ya mojawapo ya bodi zangu zilizoharibika.

Nilianza na ncha nyembamba kama sindano, kwa sababu akili inasema kitu kidogo kinahitaji ncha ndogo. Nimehangaika nayo saa nzima. Ncha ya sindano inagusa mguu kwa kinukta, na joto halipiti kwenye kinukta. Lehemu nayo haitaki kukaa mwishoni, inapanda juu kwenye sehemu pana. Nilikuwa nabonyeza, nasubiri, nabonyeza tena, na mguu mmoja ukapinda.

Nikabadili nikaweka ncha iliyokatwa mshazari, yenye uso bapa wa duara wa milimita 2. Uso huo unabeba tone la lehemu chini yake, na unagusa miguu minne kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Nilipaka fluksi ya mafuta mazito juu ya safu nzima, nikaweka tone dogo kwenye ncha, nikaburuta polepole kutoka mguu wa kwanza kwenda wa mwisho. Nyuma ya ncha, lehemu ilikuwa inajigawa yenyewe: inang'aa, inakatika, inang'aa, inakatika. Mkono wangu haukuwa mtulivu kuliko saa moja iliyopita.

Nimerudia upande uleule bila fluksi nione. Lehemu ikavutika kama gundi, ikaacha miba, ikaunganisha miguu mitano. Nikapaka fluksi juu ya uchafu uleule bila kuongeza wala kupunguza lehemu, nikapitisha chuma. Ile mitano ikaachana kabisa.

Maelezo yake ni haya. Lehemu iliyoyeyuka inapenda kujikusanya, kama tone la maji juu ya jani, na inapenda kushika metali safi. Ikiwa kiasi chake ni kidogo, hali yake ya raha ni kukumbatia mguu mmoja na pedi yake, wala si kuning'inia katikati hewani. Lakini uso wake ukishapata utando wa oksaidi, utando huo ni kama ngozi, unaishikilia pale ilipo. Fluksi ndiyo inayoila ngozi hiyo. Basi nafasi ya 0.2 kati ya pedi na pedi huilindi kwa kidole kisichotetemeka. Unailinda kwa kiasi kidogo cha lehemu na fluksi mbichi.

Vipimo ninavyotumia: waya wa lehemu wa unene wa milimita 0.5, bati 63 kwa risasi 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuganda kwenye nyuzi hizohizo bila kupitia hali ya uji. Chuma nimekiweka kwenye nyuzi 330. Lehemu isiyo na risasi inataka karibu 217 hadi 220 ili iyeyuke, kwa hiyo chuma kingepanda pia, na pedi zangu nyembamba zilizoshikiliwa na gundi ya bamba tu sitaki kuzijaribu kwa joto hilo. Kwa kuwa ni risasi, naosha mikono kabla ya kugusa chochote cha kutia mdomoni, na kijifeni kinavuta moshi wa fluksi usinijie usoni.

Siku ya 6

Leo ndiyo leo.

Fluksi kwenye pande zote nne, tabaka jembamba. Chipu nimeishika kwa kibano kwa mwili wake. Alama ya kidoti, mguu wa 1, nimeilinganisha na alama yangu kwenye shaba, nikaangalia mara ya pili na ya tatu, maana miguu 48 ikishalehemiwa kuing'oa chipu iliyogeuzwa ni kazi ya kuua pedi. Fluksi inanata, hivyo chipu ilikaa na niliweza kuisukuma kwa ncha ya sindano, kidogo huku, kidogo kule. Upande mmoja ukinyooka mwingine unapinda. Dakika 15 zilikwenda kwenye kusukuma tu, na sizijutii hata moja.

Kisha nikashika kona moja: tone dogo kwenye mguu wa 1 na wa 2 pamoja, bila kujali daraja, yaani lehemu inayounganisha miguu miwili. Nikachukua lenzi na kuzunguka pande zote. Upande wa mbali ulikuwa umehama karibu theluthi ya mguu. Nikayeyusha tena ile kona, nikasogeza, nikaacha igande. Safari hii sawa. Nikashika kona ya mkabala, mguu wa 25. Baada ya hapo chipu haiendi popote.

Nikaongeza fluksi na kuburuta. Upande wa 1 hadi 12, vizuri. Wa 13 hadi 24, vizuri, na pedi mwizi mwishoni ilikuwa imevimba kwa lehemu iliyokimbilia kwake. Wa 25 hadi 36 ulipata madaraja mawili, nikafuta ncha kwenye sifongo la shaba, nikaongeza fluksi, nikavuta kutoka mwilini kwenda nje, moja likaondoka. La pili lilibaki. Upande wa mwisho, 37 hadi 48, niliuburuta wakati fluksi yake ilikuwa imekaa kwenye joto la pande nyingine na kuwa ya kahawia. Nilitamani kumaliza. Ulionekana sawa.

Siku ya 7

Nimepima kati ya njia ya umeme wa volti 3.3 na ardhi: mita imelia. Shoti.

Kwenye chipu hii mguu wa 23 ni ardhi na wa 24 ni umeme. Wa 35 ni ardhi, 36 umeme. Wa 47 ardhi, 48 umeme. Wa 8 na wa 9 hali kadhalika kwa upande wa analogia. Yaani sehemu nne ambapo daraja moja tu la 0.2 linaishusha bodi nzima. Lile daraja langu lililobaki lilikuwa kati ya 35 na 36, tena nyuma, pale mguu unapoingia kwenye mwili. Kwa juu halionekani. Nililiona kwa kuinamisha bodi na kutazama kati ya miguu kuelekea taa: kwingine kote nuru inapita, pale hapana.

Lehemu ya nyuma inavutwa na mwanya mwembamba kati ya miguu, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na ncha haifiki huko. Nikatumia utambi wa shaba. Ulinywa. Lakini niliinua chuma kabla ya utambi, utambi ukaganda na pedi ya 34, nami nikauvuta. Pedi ilitoka nayo, na sentimita nzima ya njia yake ya shaba.

Mguu wa 34 ni SWDIO, mmoja wa ile miwili ya kupakia programu. Ningeweza kupoteza takriban mguu wowote mwingine kwa amani.

Nimeutengeneza kwa uzi wa shaba nilioutoa kwenye koili ya relei mbovu, mwembamba kama unywele. Ulikuwa na vanishi, nikaichoma kwa kuuzamisha mwisho wake ndani ya tone la lehemu yenye moto mpaka ukashika bati. Mwisho mmoja nikaulehemu juu ya goti la mguu, mwingine kwenye njia iliyobaki. Nimeubandika kwa tone la gundi usivutike. Utambi na chuma vinainuliwa pamoja, kwenda juu, wakati lehemu bado ni maji. Wala utambi hauburutwi pembeni.

Shoti imekwisha. Nimebandika kapasita za nanofaradi 100 kwa kila jozi ya umeme, kristali ya megahezi 8, na rezista ya kilo-omu 10 inayoivuta BOOT0, mguu unaoamua chipu ianze na programu ipi, kwenda ardhini. Nimeosha yote kwa alkoholi ya isopropili na mswaki.

Siku ya 8

Volti 3.3 ipo. Chipu haipati moto. Kifaa cha kupakia programu kinasema hakioni kitu.

Bila shaka ni ule uzi wangu wa 34. Nimeutoa, nimeurudisha, nimeutoa, nimeweka mwingine. Nimepima kutoka juu ya mguu hadi kwenye soketi: mita inalia. Nimepima SWCLK, mguu wa 37, mwenzake SWDIO, kutoka juu ya mguu hadi kwenye soketi: inalia. Ardhi, inalia. NRST, mguu wa kuianzisha chipu upya, iko juu, yaani ina volti. Siku nzima.

Usiku, nikiwa nimechoka, niliegemeza kidole juu ya chipu nikitafuta pa kushika bodi, na kompyuta ikatoa mlio. Imeiona. Nikaondoa kidole, ikapotea.

Siku ya 9

Mguu wa 37 haukuwa umelehemiwa. Unyayo wake ulikuwa umekaa juu ya pedi na katikati kuna utando wa fluksi iliyoungua. Nilipopima kwa mita nilikuwa naweka ncha ya waya wa mita juu ya mguu wenyewe, na ncha hiyo, kwa uzito mdogo wa mkono wangu, ilikuwa inaukandamiza mguu mpaka uguse. Kipimo changu kilikuwa kinatengeneza kile kilichokuja kukipima. Uzi wa 34 nilioutuhumu siku nzima haukuwa na kosa lolote.

Ni mguu wa kona, mwanzo wa upande ule ambao fluksi yake ilikuwa kahawia. Mwanzoni mwa safu ncha haijapata muda wa kuupasha mguu, na lehemu ilipita juu. Fluksi mpya, sekunde mbili za chuma, ukang'aa.

Programu imepanda. Taa inawaka na kuzima kila sekunde. Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Siku ya 10

Asubuhi nimewasha, taa haiwaki. Nimezima, nimewasha, imewaka. Nimezima, nimewasha, kimya. Kifaa cha kupakia kinaiona chipu vizuri kila mara.

Safari hii sikukimbilia kukisia. Nilitaka njia ya kupima kila mguu bila kuugusa. Ndani ya chipu, miguu ya kuingiza na kutoa ina dayodi ya ulinzi kutoka ardhini kwenda kwenye mguu. Umeme ukiwa umezimwa, mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye ardhi na mweusi kwenye njia ya mguu, mita inapaswa kuonyesha kitu cha volti 0.5 hadi 0.7. Ikionyesha wazi, yaani OL, hakuna chipu mwishoni mwa njia hiyo. Siri yote ni hapo penye kuweka ncha: kwenye njia ya shaba, mbali na mguu, pasipoweza kuusukuma.

Nimeandika nambari za miguu kwenye daftari, na mbele ya kila moja volti yake. 0.58, 0.59, 0.58, 0.61. Safu zilikwenda hivyo mpaka 44. OL.

Mguu wa 44 ni BOOT0. Rezista yangu ilikuwa inaivuta njia kwenda ardhini kwa uaminifu, lakini njia haikufika kwenye chipu. Mguu ulikuwa unaelea hewani, na kila nilipowasha, chipu ilikuwa inajiamulia: mara iendeshe programu yangu, mara iingie kwenye programu ya kiwandani ya kupokelea programu mpya.

Nimeinamisha bodi mpaka macho yangu yawe sawa na uso wake, taa nyuma. Miguu 11 ya upande ule ina unyayo uliozama kwenye lehemu, kila mmoja na mteremko wake mdogo wa kung'aa mbele na nyuma. Wa 44 una mstari wa nuru chini yake. Mwembamba kama unywele, lakini ni nuru. Mguu ulipinda juu kidogo, nadhani nilipoishika chipu kwa kibano. Vipimo vya mtengenezaji vinaruhusu miguu ipishane kimo kwa 0.08 tu, huu ulizidi. Kwa juu lehemu ilikuwa inang'aa kama ya wenzake, nusu imepanda mguuni, nusu imebaki kwenye pedi, na kati yake hakuna kitu.

Nimeukandamiza kwa sindano, fluksi, chuma, nikaondoa chuma kwanza na kushikilia sindano mpaka ikaganda. 0.58. Nimewasha na kuzima mara 50 nikihesabu kwa sauti. Imewaka mara 50.

Siku zote hizi nilikuwa naliogopa daraja. Daraja linaonekana, na mita inalia. Mguu ulioelea haulii, unang'aa kama mingine, na unakubali kila swali ukiugusa.

Siku ya 13

Bodi ya pili, kwa chipu mpya. Nimebadili mchoro sehemu mbili. Shaba ya ardhi iliyokuwa chini ya tumbo la chipu ilikuwa imezisogelea pedi kwa 0.3 kwa ndani. Nimeirudisha nyuma hadi milimita 1, kwa sababu daraja likitokea huko ndani hakuna jicho wala utambi wa kulifikia. Na njia zinazotoka kwenye pedi nimezikondesha hadi 0.2 kwa milimita ya kwanza, ili lehemu isikimbilie kwenye njia na kuuacha mguu mkavu. Kwingine ni vilevile.

Bamba la mikroni 18, pasi ya wastani, mapengo mawili tu ya kufungua kwa sindano. Pedi zikapakwa bati na kunywewa na utambi. Kabla ya kuweka chipu niliilaza kwenye kipande cha kioo na kutazama miguu yote kwa mshazari kama kuna uliosimama. Hakukuwa na wowote. Nikaishika kwa mwili, nikasukuma kwa sindano, kona, lenzi, kona.

Fluksi nilipaka upya kabla ya kila upande badala ya kupaka pande zote mwanzoni. Na mwanzo wa kila safu nilisimama kwenye mguu wa kwanza kwa hesabu ya mbili kabla ya kuanza kuburuta, mpaka nione lehemu imezama mbele ya unyayo. Daraja moja tu, kati ya 13 na 14. Likaondoka kwa fluksi na ncha safi. Utambi haukuguswa.

Daftari liko hapa mbele yangu na safu ya pili ya namba. Umeme na ardhi hazina shoti. Miguu ya kuingiza na kutoa yote iko kati ya 0.57 na 0.61, kila moja imepimwa kwenye njia yake, na wa 44 ni 0.58. Kifaa cha kupakia kimeiona chipu mara ya kwanza. Kihisi cha joto kimeunganishwa jioni, na mistari mitano ya kwanza imeshaandikwa kwenye kadi, dakika moja moja.